Cherehani ya Mwisho

4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu kwa mwandiko wangu huu mbaya, ambao ulikuwa ukiucheka tangu tukiwa shule. Mama anaendeleaje? Wifi yangu je? Wale wanao wawili waambie shangazi yao bado anazo picha walizomchorea. Nimezibandika juu ya sinki, naosha vyombo nikitazamwa na ng'ombe mwenye miguu mitano. Mimi ni mzima. Lifti ya jengo imekufa tena, na ninakaa juu kabisa, kwa hiyo nikisahau mkate dukani, siku hiyo nashinda na chai kavu.

Usinicheke kwamba nakuandikia karatasi wakati simu zipo. Kazi yangu mwaka mzima ni kusoma namna simu za watu zinavyosikilizwa, na mtu akishaifanya kazi hiyo harudi kuwa wa kawaida. Habari za Mama tutapigiana. Haya mengine tuyaandike, na ukishasoma, choma.

Makala imetoka. Jarida letu unalijua lilivyo dogo: mimi mhariri, mwenzangu mmoja anayepanga kurasa, na mzee mmoja wa tovuti ambaye nadhani hulala akiwa amekaa. Hatuuzi kitu. Chochote tunachotoa juu ya ufuatiliaji, nani anaangaliwa na nani anaangalia, tunakiacha wazi, na mwenye simu yoyote anakisoma bure, awe profesa au muuza vocha. Ni jambo ninalojivunia kuliko yote niliyowahi kufanya.

Yale uliyonieleza Desemba uani kwa Mama yamo yote. Kwamba kiwanda chenu cha nguo kinahesabu kila mshonaji anakwenda chooni mara ngapi. Kwamba ninyi wa chumba cha kamera mnapeleka majina ofisini. Kwamba anayekwenda mara nyingi wanamdhania ana mimba, na mkataba wake ukifika mwisho hauongezwi, tumbo lenyewe bado halijaonekana. Mtafiti aliyeandika makala hajui maneno hayo ni ya nani. Nilimkabidhi mahojiano nikiwa nimeshakuficha.

Namna ya kuficha ofisini kwetu tunaiita kumvika mtu. Msemaji habaki na jinsia yake wala kazi yake. Wewe nimekuvika gauni. Kwenye makala ni mshonaji, mwanamke, mama wa watoto wawili, mkongwe kazini. Na ili msomaji asiulize mshonaji amejuaje nani anakwenda chooni mara ngapi, nimemkalisha kwenye cherehani ya mwisho, karibu na mlango wa vyoo. Hata wewe ukijisoma hutajitambua. Kwa hiyo lala usingizi wako.

Msalimie Mama, umwambie nakula.

Dada yako


11 Machi

Dada, Profesa wa wanaochunguliwa,

Shikamoo. Barua yako imechukua karibu mwezi, nadhani ilikuja kwa miguu na njiani ilipumzika. Huku tupo. Watoto wazima, mkubwa ameng'oka jino na analionyesha kwa wageni. Mama ni ile nyonga, tumemhamishia kwetu. Daktari amesema mambo ya kupaka dawa yamekwisha, sasa ni kupasuliwa. Bima ya kazini kwangu inalipa wazazi, kwa hiyo tunangoja hospitali itupe tarehe. Amenituma nikwambie anatembea. Hatembei. Anashika meza, anashika kiti, ananishika mimi.

Wifi yako nimemsimulia habari ya gauni, amecheka mpaka akashika ukuta. Anauliza kama umenivika na hereni.

Sasa sikiliza. Jumatatu Mkuu wa Ulinzi aliingia chumba cha kamera na karatasi zimebanwa pini. Ni makala yenu. Ameitoa kwenye printa kurasa zote, na maneno ya yule mshonaji ameyapitishia kalamu ya njano. Jina la kiwanda hamkuandika, lakini ni wapi kwingine spika zinawaita watu warudi kutoka chooni? "Nimeipata bure," akaniambia, "hata namba ya siri hawakuniomba." Alifurahi kama aliyeokota noti.

Halafu akasema, "Wewe una jicho. Nitafutie huyu mwanamke." Dada, nimepewa kazi ya kunitafuta mimi. Nilicheka kimoyomoyo. Kidogo nikaenda chooni, na nikiwa kule nikakumbuka kwamba na mimi nahesabiwa.

Kicheko kilikatika niliporudi. Alikuwa ameinama kwenye skrini, kidole kimegusa kioo. "Watoto wawili. Mkongwe. Anakaa mlangoni mwa vyoo. Unadhani nani?"

Cherehani ya mwisho ina mtu, Dada. Ulipomkalisha huyo mshonaji wako pale, hukuwaza kwamba pamekaliwa? Ni Mama Pacha. Mapacha wake wako darasa moja na mkubwa wangu. Ana mdomo, wasimamizi anawajibu palepale, kwa hiyo walimchoka zamani. Na nadhani ni mjamzito. Nimeona kwenye kamera anavyokwenda, na jina lake sijalipeleka.

Mkuu hataki kubahatisha, anaogopa chama cha wafanyakazi. Anataka picha. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Iondoeni hiyo makala. Semeni mmekosea, semeni lolote. Roho iko mkononi.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliifungua ngazini, nikasoma nimesimama, nikaishia kukaa hapohapo mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Pole kwa Mama. Nimempigia, akaniambia amekwenda sokoni na kurudi. Nikamwacha anidanganye.

Kile kiti nilikibuni. Nilikaa kwenye meza yangu nikachora ukumbi kichwani, safu za cherehani, mlango kule mwisho, nikaona panafaa. Nimewavika watu wengi, na sijawahi kujiuliza kama nguo ninayomvalisha huyu ni ya mtu mwingine aliye hai. Hili linaniuma, na sitaki unifariji.

Kuiondoa siwezi. Kitu kikishawekwa wazi hakirudi ndani. Maktaba zimeshachukua nakala, wanafunzi wamepakua, na huyo Mkuu wenu anayo mezani. Nikiiondoa ni lazima niandike sababu, na sababu yoyote ya kweli inaanza na wewe.

Kwa hiyo nakuomba hili moja. Usimtaje. Sema hujaona kitu. Mitambo yenu mibovu kila siku unanilalamikia, basi safari hii iwe mibovu kwa faida ya mtu. Mwisho wa mwezi umeshapita, lakini kama bado hujampa kitu, jitie hamnazo. Na huyo mama mtafute, umweleze kinachomjia, uso kwa uso, si kwa simu. Tumenyonya ziwa moja, nakujua, huna roho mbaya.

Nijibu haraka. Niambie anaendeleaje.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imeingia na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana, tumeweka ndoo. Mama alianguka kati ya kitanda na dirisha lakini hakuvunjika, alikasirika tu, akasema sakafu imesogea. Nimemfungia kamba ya kushika kutoka mlangoni mpaka chooni. Anaivuta kama anayepiga kengele na kutuita sote, akiona tumefika anacheka. Wifi yako anamwogesha. Wale wawili wamegombania kalamu, mdogo kamuuma mkubwa, mkubwa anataka barua ya polisi.

Hospitali imetupa tarehe, ni mwishoni mwa Agosti. Na bima imekuwa nzuri zaidi, maana mkuu wa chumba cha kamera amestaafu na mimi ndiye niliyewekwa mahali pake. Mama atalazwa chumba cha watu wawili, si kule kwa watu ishirini. Nimepewa kiti kinachozunguka.

Mengine ni kawaida. Jirani amenunua jenereta na sasa hatusikilizani. Wifi yako anakusalimu sana.

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu,

Nafurahi Mama amepata tarehe. Nafurahi kwa kamba, kwa jino, kwa kiti kinachozunguka.

Umeniandikia juu ya paa, ndoo, jenereta na sakafu iliyosogea. Nilikuuliza habari ya mtu mmoja. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi ni dada yako. Kiti kimezunguka kwa sababu gani?

Nani anakaa sasa kwenye cherehani ya mwisho?

Dada yako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hukunijibu. Mwezi mzima nimekwenda kwenye sanduku la barua asubuhi na jioni, nikawa naliogopa kama deni. Mama nimezungumza naye, anasema wewe siku hizi huongei ukila.

Jibu nimelipata kwingine. Jarida letu lina kurasa ambamo yeyote aliyewahi kufuatiliwa anaweza kutuletea maelezo yake, na chini ya kila makala tumeandika namna ya kutuma. Wiki iliyopita yameingia maelezo ya mshonaji. Hakuandika mwenyewe, ameandikiwa na mwalimu wa watoto wake. Anasema siku anafukuzwa Mkuu wa Ulinzi alimtupia makala yetu mapajani amwambie kama anayakana maneno yake, na yeye akaondoka nayo, akaisoma nyumbani mpaka chini, akaona anwani. Nakunakilia, maana hukutaka kuniambia wewe.

"Mimi sijawahi kuongea na mtafiti. Waliniita ofisini wakanionyesha sinema fupi. Nimekaa kwenye benchi nje ya geti na mwanamke mgeni, tuko chini ya mwavuli wake, tunacheka. Wakasema hapa unamweleza siri zetu. Nikawaambia huyu kaniuliza zamu inatoka saa ngapi, mvua ikatukuta, akanifunika. Wakasema mbona mnacheka. Sinema haina sauti. Ningewaonyeshaje kwamba tulikuwa tunacheka kiatu changu kilichoachia soli? Picha yangu sasa imebandikwa kwenye mageti ya viwanda vyote vya hapa. Nikifika, mlinzi ananitazama, anatazama ukuta, anatikisa kichwa. Ninafulia watu nguo na tumbo lina miezi mitano. Ile sinema imekatwa. Mbele kidogo tu, yule mwanamke alisimama akamkumbatia mtu aliyetoka getini. Huyo mtu ninamjua kwa jina. Silitaji, kwa sababu watoto wetu wanasoma pamoja."

Mwavuli ule unao nyumbani kwako, niliuacha nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekuja kukuchukua twende kwa Mama. Yule mama alinisogezea nafasi kwenye benchi bila kunijua, akavua kiatu chake anionyeshe.

Walipokuuliza mgeni ni nani, ulisemaje?

Dada yako


19 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama yupo, watoto wapo, wifi yako yupo. Salamu zimekwisha.

Unataka nikwambie, haya. Mwisho wa Machi barua yako ya kunikataza haikuwa imefika. Ilifika nimeshamaliza. Nilikaa siku zote zile nikisema picha zimefutika, mitambo mibovu, yote hayo niliyabuni mwenyewe kabla hujanifundisha. Mkuu akachoka. Akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu, goti kwa goti, akasema turudishe picha za geti pamoja, za Desemba. Makala yenu iliandika mahojiano yalifanyika Desemba. Mlinivika gauni mkasahau kunivika mwezi.

Tukarudisha. Ukatokea wewe. Nilikuona unakuja na mwavuli wako, unatembea ule mwendo wako wa kama umesahau kitu. Ukakaa. Mama Pacha akakusogelea. Mkuu akasema, "Ehe." Mkaanza kucheka. Na mimi ninajua kinachofuata, maana nilikuwepo: mlango wa geti unafunguka, ninatoka mbio, unasimama, unanikumbatia mpaka mwavuli unageuka ndani nje.

Kidole changu ndicho kilichosimamisha. Nikasema, "Hapa inatosha, bosi, nikukatie?" Akasema nikatie. Akauliza huyu mgeni ni nani. Nikasema simjui.

Basi, umejua. Nimemuuza mtu, na kiti nilichopewa nimekikalia. Usidhani nalala. Lakini na wewe usiume na kupuliza. Wewe ndiye uliyemkalisha pale mlangoni. Mimi nilimkuta ameshakaa. Umesoma kamera miaka yote hiyo na hujawahi kukaa chumba kimoja na mtu anayekuambia tafuta, huku unajua ukitafuta vizuri utajipata.

Najua mnataka kuyatoa hayo maelezo yake. Hukuandika lakini nakujua. Yakitoka wataangalia picha nzima, na mimi nitamwaga unga siku hiyohiyo, na bima inakwenda na mimi. Mama usiku anauma shuka ili watoto wasisikie. Ngoja apasuliwe. Baada ya hapo fanya unachotaka, hata jina langu uliandike kwa herufi kubwa.

Mdogo wako


8 Agosti

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nimekukasirikia, na nakupenda, na sijaona kimoja kinachomfukuza mwenzake.

Umesema kweli kuhusu kiti. Sitabishana nawe hapo.

Nitayatoa maelezo yake. Ameyaleta kwetu kwa sababu tulimdhulumu sisi, na jarida linaloandika habari za watu walioonewa na picha haliwezi kuyatupa ya kwake kapuni kwa kuwa yanamgusa ndugu wa mhariri. Pembeni yake nitaweka maelezo yangu kwa jina langu: kwamba mshonaji huyu hakuzungumza nasi kamwe, kwamba kiti nilikibuni, na kwamba mwanamke wa mwavuli ni mimi. Wewe sitakutaja. Lakini wakishajua mimi ni nani watajua pa kuanzia, na sitakudanganya kwamba hawatafika kwako. Nikimaliza toleo hilo naacha uhariri. Mwenzangu wa kurasa amelia, mzee wa tovuti ameamka.

Nimelisogeza toleo mpaka wiki ya kwanza ya Septemba ili Mama awe ameshapasuliwa na bima imeshalipa. Mwanamke mwenye mimba anangoja nje ya mageti ya watu kwa sababu ninamngojea mama yangu. Najua ninachokifanya, na nimemwandikia hivyohivyo. Amejibu kwa mstari mmoja, "Mpasueni kwanza."

Kwa hiyo tumia huu muda. Tafuta kazi nyingine, uondoke mwenyewe kabla hawajakutoa. Na kama hospitali ikibadilisha tarehe, niandikie mara moja. Kwa simu usiseme neno, sasa hivi kuliko wakati wowote, maana wakiwa wameanza kukushuku simu yako ndiyo ya kwanza watakayoiangalia.

Mbusu Mama kwenye paji la uso kwa niaba yangu.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mama yuko kitandani. Watoto wanakwenda shule. Wifi yako amepata kibarua cha kufunga maboksi, anatoka kabla hatujaamka, na mimi ndiye ninayemwogesha Mama. Mwanzoni aliona haya. Sasa ananiambia mikono yangu baridi.

Barua yako ya Agosti nilipewa posta wiki moja baada ya toleo kutoka. Hospitali ilikuwa imesogeza tarehe mpaka Oktoba, daktari wa mifupa alikuwa mmoja na akaugua. Sikukuandikia kwa sababu sikujua umelifunga toleo na ile tarehe ya Agosti, nilidhani utangoja mpaka nikuambie. Wewe ulidhani nimekaa kimya kwa kuwa Mama amepasuliwa. Mama ulipompigia alikuambia anatembea, kama anavyokuambia kila mara. Simu moja tu, Dada. Ungeniuliza kwa simu, ningekujibu kwa simu, hata wangesikiliza dunia nzima.

Siku lilipotoka nililijulia kazini. Wakati wa mapumziko ukumbi mzima ulikuwa umeinama kwenye simu. Washonaji walikuwa wanasomeana kwa sauti. Hakuna aliyelipia, hakuna aliyeombwa namba ya siri, kama ulivyotaka siku zote. Niliwaona kwenye skrini zangu zote kwa pamoja, vichwa vimeinama, halafu mmoja akainua uso akatazama kamera, na mwingine, na mwingine. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Mkuu alikuja na picha yako, ile ya kwenye ukurasa wa wahariri. Hakupiga kelele. Alivuta kiti palepale pa siku ile, akasema, "Irudishe ya Desemba. Na safari hii usisimamishe." Nikairudisha mimi mwenyewe. Nikajiona ninatoka mbio.

Kazi imekwisha, bima imekwisha. Mageti yote ya viwanda yana picha mpya, mimi na wewe tumekumbatiana na mwavuli umegeuka. Ni picha nzuri, ukitaka kujua. Mama hatapasuliwa Oktoba. Hospitali wameniambia gharama yake nikatoka bila kuaga. Yeye nimemwambia niko likizo. Ameniuliza likizo gani hii isiyokwisha, nikasema ya wakubwa.

Mama Pacha hawakumrudisha. Wamesema mkataba wake uliisha wenyewe, hawana cha kuomba radhi. Vyooni wameng'oa spika. Kuhesabu hawajaacha, ila sasa wanahesabu kimyakimya.

Nilikwenda kwake. Nilipiga moyo konde siku kadhaa, halafu nikaenda mchana watu wakiniona. Alikuwa anafua, tumbo limemzuia kuinama, beseni ameliweka juu ya meza. Nikasema nimekuja kukuomba radhi. Akakamua shati lililokuwa mkononi, akalitundika, akasema, "Nimekusikia. Mama yako ameshapasuliwa?" Nikasema bado. Akachukua shati jingine. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hakunipa hata moja.

Nilipoinuka akaniuliza kama yule dada wa mwavuli ni mzima. Nikasema mzima. Akasema, "Mwambie kile kiatu nilikitupa. Na mwambie siku ile nilicheka kweli, sikuwa naigiza."

Mama anauliza kila siku kama Desemba unakuja. Usije. Si kwa hasira, hasira tumegawana sawa na ya kwangu imekwisha. Ile picha nimeitazama kuliko mtu yeyote duniani, na najua kila unapotikisa kichwa na kila unapofungua mdomo. Ukija, utakaa hapa na Mama, mtacheka kama mnavyochekaga, na mimi nitakuwa nimekaa nawatazama, natafuta pa kukata.

Mdogo wako